Daktari Albert Cook wa Mengo na Kazi ya Kufundisha Wapasuaji



Ndugu zetu wengi wa hapa Chekereni, wakirudi kutoka kulazwa Moshi mjini, huleta habari inayofanana. Mgonjwa amelala kitandani akingoja kupasuliwa ngiri, au kuungwa mguu uliovunjika kwa ajali ya pikipiki. Asubuhi wanakuja madaktari, si mmoja bali saba au wanane, nao wanakizunguka kitanda. Mkubwa wao anauliza, vijana wanajibu. Mmoja anaambiwa apapase tumbo, mwingine anaambiwa aeleze atafanya nini ikiwa damu itazidi kutoka. Kesho yake mgonjwa anapata habari kwamba kijana mmojawapo wa wale ndiye atakayeshika kisu, na mkubwa atakuwa amesimama kando yake. Hapo hofu inaingia. Mgonjwa anajiuliza kama amekuja kutibiwa au amekuja kufanyiwa mazoezi.

Swali hilo si la kudharauliwa, maana mwili ni mmoja na hauna wa akiba. Badala ya kulijibu kwa maneno ya jumla, tumeona afadhali tueleze habari za mtu mmoja wa Kanisa letu la Anglikana, ambaye alianza kupasua bila kuwa na mkubwa wa kusimama kando yake kila siku, kisha akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kusimama kando ya wengine. Mtu huyo ni Daktari Albert Ruskin Cook wa Mengo, Uganda.

Alizaliwa London tarehe 22 Machi 1870, mtoto wa daktari. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, akamaliza mwaka 1893, kisha akaingia hospitali ya St Bartholomew's mjini London, ambako alipata shahada yake ya udaktari mwaka 1895. Habari za utoto wake hatutazirefusha. Linalotuhusu ni kwamba mwaka uliofuata, 1896, alijitoa kwa shirika la CMS apelekwe Uganda. Alikuwa na umri wa miaka 26. Kwa hiyo msomaji ataona mara moja kwamba kijana huyu hakuwa na miaka mingi ya kufanya kazi chini ya macho ya wakubwa. Kama angekuwa Moshi leo, angekuwa mmoja wa wale wanaojibu maswali kando ya kitanda.

Inatupasa kusema kidogo jinsi mambo ya upasuaji yalivyokuwa wakati huo. Dawa za usingizi, yaani klorofomu na etha, zilikuwa zimejulikana tangu miaka ya 1840. Daktari Joseph Lister wa Uingereza alikuwa ametangaza mwaka 1867 namna ya kuua vijidudu vya kidonda kwa dawa ya kaboliki. Mambo hayo mawili yalifungua mlango. Zamani mpasuaji mwema alikuwa yule mwenye haraka, anayekata mguu kabla mgonjwa hajafa kwa uchungu. Sasa mgonjwa alilala, na mpasuaji akapata nafasi ya kufanya kazi polepole na kwa uangalifu. Lakini kwa kuwa kazi imekuwa ya uangalifu, ilihitaji pia kufundishwa kwa uangalifu.

Huko Marekani, katika hospitali ya Johns Hopkins ya mji wa Baltimore iliyofunguliwa mwaka 1889, Daktari William Halsted aliweka utaratibu mpya. Daktari kijana alikaa hospitalini kwa miaka mingi, akipandishwa ngazi kwa ngazi. Kwanza alitazama, kisha akasaidia, kisha akapasua mkubwa akimtazama, na mwisho akaachiwa apasue na kuwafundisha waliomfuata. Ugumu wa utaratibu wake ulikuwa kwamba ngazi ilizidi kuwa nyembamba kadiri inavyopanda. Wengi waliingia, wachache sana walifika juu. Baadaye Daktari Edward Churchill wa Boston aliurekebisha ili wale wanaoingia wapate kufika mwisho wa mafunzo. Mafunzo ya madaktari bingwa wa upasuaji yanayofanyika leo katika nchi nyingi, na hapa kwetu pia, yana asili yake katika ngazi ile ya Baltimore.

Cook hakupata ngazi ya namna hiyo. Alipata safari.

Kikosi chake cha wamisionari kilifika Mombasa mwaka 1896. Reli ya kwenda ziwani ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa mwaka huo huo, nayo haikufika Kisumu mpaka mwaka 1901. Basi walikwenda kwa miguu, maili zipatazo 800, pamoja na wapagazi waliobeba hema, chakula, na masanduku ya dawa na vyombo vya kupasulia. Katika kikosi hicho alikuwamo mwuguzi mmoja, Bibi Katharine Timpson, aliyefundishwa katika hospitali ya Guy's, London. Walifika Mengo mwezi Februari 1897.

Sisi wa Kilimanjaro tunayo sababu ya pekee ya kuifuata safari hiyo kwa moyo. CMS walikuwa wamefungua kazi Moshi mwaka 1885, kwa Mangi Rindi, yule aliyeitwa Mandara. Mwaka huo huo Askofu James Hannington alifika kwa Wachagga kabla ya safari yake ya mwisho kwenda Uganda, ambako aliuawa Busoga, katika nchi ya chifu Luba, mwezi Oktoba 1885. Kazi ya CMS ya Moshi ilifungwa mwaka 1892 kwa sababu ya ugomvi wa Wajerumani na Wachagga, na wamisionari wakahamia Taveta. Walutheri wa Leipzig ndio waliokuja baada yao. Kama mambo yangekwenda namna nyingine, labda hospitali ya CMS ingalijengwa mlimani petu. Ilijengwa Mengo, chini ya kilima cha Namirembe.

Siku chache tu baada ya kufika, Daktari Cook alianza kutibu watu. Hospitali ya kwanza ilikuwa nyumba ya matete na nyasi. Watu walikuja wengi, wenye vidonda vya siku nyingi, wenye uvimbe, wenye ngiri, vipofu wa mtoto wa jicho. Umeme haukuwapo, wala dawa za kuua vijidudu mwilini kama penisilini, wala damu ya kumwongezea mgonjwa. Na hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo afikiri. Daktari mmoja hawezi kupasua peke yake. Anayeshika kisu hawezi wakati huo huo kumlaza mgonjwa usingizi na kuangalia pumzi zake. Hawezi kuchemsha vyombo, kuvitoa katika maji, kumpa mkono wa pili wa kushika mshipa unaotoa damu, na usiku kukaa macho kuangalia kidonda. Hata akiwa hodari namna gani, bila wasaidizi waliofundishwa atawaua watu. Kwa hiyo kazi ya kufundisha haikuja Mengo kama wazo jema la baadaye. Ilitokana na haja ya chumba cha upasuaji chenyewe.

Mtu wa kwanza kuishika kazi hiyo pamoja naye alikuwa Bibi Katharine. Waliooana mwaka 1900. Katika maandishi mengine mama huyu hutajwa kwa mstari mmoja tu, jambo ambalo sisi hatulikubali, maana baadaye tutaona kwamba shule iliyofanikiwa kuliko zote za Mengo ilikuwa yake. Mwaka 1899 alikuja pia ndugu yake Albert, Daktari John Howard Cook, ambaye watu walimwita Jack. Huyu alikuwa amesomea ubingwa wa upasuaji Uingereza. Tangu hapo Albert alipata mtu wa kuulizana naye kabla ya kufungua tumbo la mgonjwa. Wale wanaofanya kazi hospitalini wanajua thamani ya jambo hilo. Daktari asiyekuwa na wa kumwuliza hujifunza kwa makosa, na makosa hayo hulipwa na mgonjwa.

Kabla Jack hajafika, Albert alikuwa ameonja jambo hilo vikali. Mwishoni mwa mwaka 1897 askari wa Kisudani waliokuwa katika utumishi wa Waingereza waliasi, wakajifungia katika boma la Luba, Busoga, mahali pale pale palipokuwa na habari za Askofu Hannington. Daktari Cook alikwenda na majeshi kuwatibu majeruhi. Ndiko alikouawa mwezi Desemba George Pilkington, mfasiri wa Biblia ya Kiluganda. Daktari wa mwaka wa pili tangu kupata shahada, porini, na majeruhi wa risasi wakiletwa mfululizo: hakuna chuo chochote siku hizi ambacho kingemruhusu mwanafunzi wake aingie katika hali hiyo peke yake, nasi tunaona vyuo vina haki kukataza.

Mwanzoni mwa mwaka 1901 akina Cook waliona Mengo wagonjwa wa namna ambayo hawakuwahi kuiona huko: watu waliosinzia, wakakonda, wakafa. Ulikuwa ugonjwa wa malale, na Mengo ndiko ulikotambuliwa kwanza katika Uganda. Katika miaka iliyofuata uliua watu wanaokadiriwa kufika robo milioni katika Busoga na visiwa na pwani za ziwa. Ugonjwa huo haukuwa wa kisu, lakini tumeutaja kwa sababu ya namna ulivyotambuliwa. Akina Cook walikuwa na desturi ya kuandika habari za kila mgonjwa: jina lake, alikotoka, alilolalamikia, lililoonekana, lililofanywa, na mwisho wake. Mtu asiyeandika huona mgonjwa mmoja mmoja. Anayeandika huona ugonjwa. Desturi hiyo tutairudia.

Mwaka 1902 radi ilipiga hospitali, ikaungua. Nyasi na matete havikuchelewa kuwaka. Ikajengwa nyingine ya matofali, ikafunguliwa mwaka 1904.

Tumefika sasa kwenye sehemu ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye uzito kuliko zote katika maisha ya mtu huyu, yaani miaka ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Vita ilipofika Afrika Mashariki, Mengo ilipokea majeruhi na wagonjwa wengi wa jeshi. Mwaka 1917 serikali ya Uganda iliunda kikosi cha uganga cha Waafrika, ambacho kilichukua vijana waliosoma katika shule za misheni. Vijana hao walifundishwa kusafisha vidonda, kutoa dawa, kuandika hali ya mgonjwa, kuwasaidia madaktari. Waliifanya kazi hiyo vizuri, hata waliokuwa wakisema kwamba Mwafrika hawezi kufundishwa udaktari wakakosa la kusema. Daktari Cook alikuwa tayari anasema hivyo kwa miaka mingi. Katika miaka hiyo ya vita, akiwa rais wa chama cha madaktari cha Uganda, alianzisha Mengo shule ya kuwafundisha Waafrika kuwa waganga wasaidizi.

Shule ile iliwekwa mahali ambapo kitabu na kitanda vimekaa pamoja. Hilo ndilo jambo kubwa. Kijana asingeweza kujifunza kushona jeraha kwa kusoma jinsi linavyoshonwa, kama vile mtoto wa hapa kwetu asivyoweza kujifunza kupandikiza mpunga kwa kuchorewa picha ubaoni. Ni lazima aingie majini, mtu mzima awe karibu, amwambie kwamba mche huu umeuzamisha mno na ule umeuacha juu.

Serikali ndiyo iliyokuja kuichukua kazi hiyo. Mwaka 1922 chuo kilifunguliwa Makerere, na baada ya muda mfupi mafunzo ya uganga yakaanza, wanafunzi wakijifunza katika hospitali ya Mulago, ambayo mwanzo wake ulikuwa kituo cha tiba kilichoanzishwa mwaka 1913. Pengine wengine wangeona uchungu kunyang'anywa kazi yao. Lakini hospitali ya misheni haikuwa na fedha wala walimu wa kutosha kuendesha shule kamili ya udaktari. Sisi tunaona ilikuwa heri mto uhamie katika mfereji mpana zaidi, nasi watu wa mifereji tunajua maana yake.

Pamoja na hayo hatutaki kumsifu Daktari Cook kupita kiasi. Waliofundishwa Mengo, na wale wa mwanzo wa Makerere, waliitwa wasaidizi. Hawakuhesabiwa madaktari kamili, hata walipofanya kazi za udaktari, na mshahara wao ulikuwa wa wasaidizi. Ngazi ile tuliyoieleza ya Baltimore ilikuwa na mwisho ambapo mwanafunzi anakuwa mwalimu. Ngazi ya Mengo, kwa Mwafrika, ilikatwa katikati. Cook alisaidia kuijenga sehemu ya chini, na mfumo wa ukoloni ambao yeye pia alikuwa ndani yake uliiweka dari juu ya vichwa vya watu. Lingine pia linafaa kusemwa. Yeye na madaktari wenzake waliamini kwamba kaswende ilikuwa imeenea mno katika Buganda, na kampeni kubwa ilifanywa kwa sababu hiyo. Wachunguzi wa baadaye wameona kwamba sehemu ya wagonjwa waliohesabiwa walikuwa na magonjwa mengine yanayofanana nayo, kama vile buba. Watu wengi waliaibishwa kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Hofu hiyo ya kaswende, na ya watoto wachanga kufa kwa wingi, ndiyo iliyozaa shule ya pili, na hapa turudi kwa Bibi Katharine. Mwaka 1921 ilifunguliwa Mengo shule ya wakunga, ikaitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Wasichana waliosoma shule za misheni walifundishwa elimu ya uzazi, wakafanya mtihani, kisha wakapelekwa vijijini kusimamia vituo vya uzazi. Mume na mke waliandika kitabu cha ukunga kwa Kiluganda ili wanafunzi wasizuiliwe na Kiingereza. Tunaomba msomaji apime jambo hilo. Msichana wa miaka ile ya 1920 alipewa kituo, vyombo, na maisha ya mama na mtoto mkononi mwake, huku daktari akiwa mbali mwendo wa siku nzima. Asingeweza kupewa hayo kama hakuwa amezalisha mara nyingi mwalimu akiwa karibu. Na alipofikiwa na uzazi uliomshinda, alifundishwa kulitambua hilo mapema na kumpeleka mama hospitalini. Kujua mpaka wa uwezo wako ni sehemu ya mafunzo, tena ni sehemu ngumu kuliko kushika kisu. Mwaka 1931 ikafuata shule ya wauguzi.

Kazi ya wasaidizi waliofundishwa kwa mikono haikuishia Uganda. Tanzania ilianza mwaka 1963 kuwafundisha madaktari wasaidizi, nao kwa miaka mingi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa akina mama katika hospitali za wilaya, mahali ambapo daktari bingwa hakuwapo. Wako watu wazima katika mkoa huu waliotolewa tumboni na mikono ya madaktari wasaidizi, nao hawajui.

Na Makerere ilikuwa chuo cha Afrika Mashariki yote. Dkt. Vedasto Kyaruzi, aliyekuwa rais wa chama cha TAA mwaka 1950 kabla ya TANU kuzaliwa, alisomea udaktari huko. Dari ile ilitobolewa polepole. Profesa Sebastian Kyalwazi wa Uganda alikuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza wa sehemu hizi kupata sifa kamili ya ubingwa wa upasuaji, akafundisha upasuaji Makerere. Mwaka 1963 shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam. Mwezi Machi 1971 Mwalimu Nyerere aliifungua hospitali ya KCMC hapa Moshi, iliyojengwa kwa juhudi za makanisa kupitia shirika la Msamaria Mwema. Mwaka 1999 kikaundwa Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho ofisi zake ziko jirani zetu Arusha. Chuo hicho hakina majengo ya madarasa kama vyuo vingine. Madarasa yake ni hospitali zilizokaguliwa na kukubaliwa katika nchi wanachama. Daktari anayetaka ubingwa wa upasuaji wa jumla hukaa miaka miwili katika sehemu ya kwanza ya mafunzo, akijifunza misingi ya upasuaji wote, kisha miaka mitatu katika ubingwa wake. Kila upasuaji alioutazama, aliousaidia au alioufanya mwenyewe huuandika katika kumbukumbu zake, na mkubwa wake huuthibitisha. Mwisho kuna mtihani, wa kuandika na wa ana kwa ana.

Hapa ndipo jibu la yule mgonjwa wa Chekereni lilipo, kwa kadiri tunavyoelewa. Kijana atakayemshonea kidonda si mwanafunzi wa shule aliyeingizwa chumbani bila kujua kitu. Ni daktari kamili, aliyekwisha kumaliza chuo, naye sasa anapandishwa ngazi. Kabla ya kupewa kisu kwa ngiri ile ameona ngiri nyingi zikipasuliwa, na ameshika vyombo katika nyingine. Mkubwa anayesimama kando hakukaa pale kwa kupumzika. Mkono wake uko tayari kuchukua kisu wakati wowote. Na mgonjwa anayo haki ya kuuliza. Anaweza kuuliza nani atampasua, nani atakuwapo, na amekwisha kufanya upasuaji huo au sivyo. Daktari mwema hachukizwi na maswali hayo. Tunawaomba wazee wetu wasione haya kuyauliza, na wanaosindikiza wagonjwa wawaulizie wasioweza kusema.

Ila tusimfiche msomaji kwamba utaratibu huu una gharama. Mahali palipo na mkubwa mmoja na vijana wengi, ile kando ya mwanafunzi inaweza kubaki tupu, hasa usiku wa manane ajali inapoletwa. Hapo kijana wa leo anarudi kuwa Cook wa boma la Luba. Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini madaktari bingwa wachache wapewe kazi ya kufundisha wakati foleni ya wagonjwa ni ndefu, jibu ni kwamba foleni hiyo haitapungua kwa mikono ile ile michache. Mengo ilikuwa na foleni pia.

Turudi kwa mzee wetu. Mwaka 1932 alipewa na mfalme wa Uingereza heshima ya kuitwa Sir. Mwaka 1934 alistaafu, lakini hakurudi kwao. Alikaa Makindye, kilima kinachotazama Kampala. Bibi Katharine alifariki mwaka 1938. Mwaka 1945 mzee alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za Uganda. Alifariki tarehe 23 Aprili 1951, akiwa na umri wa miaka 81, akazikwa Namirembe, penye kaburi la Askofu Hannington na la Pilkington.

Habari yake moja ilitokea baada ya kufa kwake. Daktari mpasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, alikuwa ameona watoto wenye uvimbe wa taya unaokua upesi na kuua, akaandika juu yake mwaka 1958. Ugonjwa huo sasa unaitwa kwa jina lake dunia nzima, nao ni mmojawapo wa saratani ambazo hupona vizuri kwa dawa mtoto akiwahishwa. Lakini watu waliuliza kama ni ugonjwa mpya, ulioletwa na mambo ya siku hizi, au kama ulikuwapo tangu zamani. Profesa Jack Davies wa Makerere na wenzake wakaenda Mengo, wakayafungua makaratasi ya wagonjwa kuanzia yale ya mwaka 1897, wakayasoma mpaka ya mwaka 1956, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1964. Katika makaratasi hayo ya zamani, yaliyoandikwa na akina Cook jioni baada ya kazi ya mchana, walikuwamo watoto wenye uvimbe ule ule wa taya. Ugonjwa haukuwa mpya.

Makaratasi hayo yaliwekwa katika maktaba ya shule ya udaktari ya Makerere, pale Mulago, ambayo inaitwa Maktaba ya Albert Cook. Madaktari wanaosomea ubingwa huko husoma humo.